Mzee Anaona, Ila Vitu Vimesongamana

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa mabaraza ya kata, mama zangu wafanyabiashara wa Majengo, vijana wa bodaboda mlioacha abiria mkaja kusikiliza, maofisa wa jiji, mbukwenyi! Na kwa kuwa Dodoma ya leo ni ya Watanzania wote, ambao si Wagogo nawasalimu pia, habari za asubuhi. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimeombwa niongee kuhusu macho na uzee. Nimehudumu kliniki ya macho kwa miaka mingi, na leo sitaanza na upofu. Upofu watu wanauelewa. Kipofu anashikwa mkono, anapishwa njiani, anasomewa barua. Ninayetaka kumsemea ni mzee ambaye anaona, lakini akifika kwenye vitu vingi vilivyosongamana hapati anachokitafuta, na watu wake wanadhani anajifanya, au ameanza kuchanganyikiwa.

Familia zinakuja kliniki na malalamiko yanayofanana. Wanasema: "Daktari, mzee huyu hatumwelewi. Akikaa kibarazani kwake kule Chamwino, mtu akitokea kule kwenye mbuyu anamtaja jina kabla hajafika. Lakini tukimpeleka sokoni, mjukuu amesimama hatua chache tu anampungia mkono, yeye anatazama kulia na kushoto kama hayupo mtu." Tunampima. Anasoma herufi karibu zote ubaoni. Familia inageuka kumtazama kwa jicho la lawama: si umesikia, baba, macho yako mazima!

Ule ubao wa herufi ulibuniwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na hadi leo ndio tunaoanza nao. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Lakini hebu kifikirieni. Herufi ni nyeusi tii, ubao ni mweupe, taa inawaka vizuri, herufi zimepangwa kwa nafasi, hakuna anayekusukuma, hakuna toroli la viazi linalopita nyuma yako, na unapewa muda wako. Ni wapi Dodoma nzima kuna mahali pa namna hiyo? Mzee huyu haishi mbele ya ubao. Anaishi Majengo siku ya Jumamosi, anaishi stendi kuu pale Nzuguni basi la Singida na la Dar yakiwa yamejaza abiria pamoja, anaishi kwenye duka la dawa lenye vichupa mia vinavyofanana. Kipimo kinasema macho yake yanaweza kusoma herufi ndogo. Hakisemi kama yanaweza kumtoa mtu mmoja kwenye umati.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo? Nianze na jicho lenyewe, na hapo nitapita haraka kwa sababu mengi mnayajua. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho inakakamaa, mtu anaanza kunyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu. Hilo miwani ya kusomea inalimaliza. Yanayofuata miwani haiyamalizi. Mboni, lile tundu jeusi linalopitisha mwanga, inakuwa ndogo na haifunguki vizuri gizani kama zamani. Lenzi inaingia umanjano na ukungu kidogo, hata kwa mtu asiye na mtoto wa jicho. Ukijumlisha hayo, mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo mwanao anapokwambia "mbona taa inatosha", anasema kweli kwa upande wake. Kwa upande wako haitoshi.

Mtasema Dodoma jua halijawahi kutupungukia. Ni kweli, na jua hilo ndilo linaloleta taabu ya pili. Mwanga mkali ukipita kwenye lenzi yenye ukungu unatawanyika mle ndani, na kila kitu kinapauka. Ngazi ya saruji inaungana na sakafu ya saruji. Mtu aliyevaa shati la kaki mbele ya ukuta wa matofali anazama ukutani. Halafu mama mzee anatoka kwenye jua la saa saba mchana anaingia duka la ndani ambalo mwenye duka hajawasha taa ili kubana umeme. Macho ya kijana yanazoea lile giza baada ya muda mfupi. Ya mama yanahitaji muda mrefu zaidi, na muuzaji ameshamuuliza mara mbili anataka nini.

Na hapo hapo dukani kuna jambo la fedha, naomba wafanyabiashara mlisikie vizuri. Noti yetu ya elfu moja ni ya bluu. Ya elfu tano ni ya zambarau. Lenzi iliyoingia manjano inazuia rangi ya bluu kuliko rangi nyingine, kwa hiyo mbele ya mzee, kwenye duka lenye kiza, bluu na zambarau zinakaribiana sana. Mzee anatoa noti zake zilizokunjwa pamoja kwenye kitambaa, anazigeuza, anazipapasa pembeni apime ukubwa, anaileta moja karibu na uso atafute kama ni Mwalimu au ni kifaru. Foleni nyuma inaguna. Huyo mzee anafanya jambo la akili kabisa: anatumia vidole kusaidia macho. Mwacheni ahesabu. Na ukimrudishia chenji, itaje noti kwa mdomo moja moja unapomwekea mkononi, "elfu tano, elfu moja, elfu moja". Haikugharimu kitu.

Hayo ni ya jicho. Lakini jicho ni mlango tu, na kwenye msongamano kazi kubwa inafanywa na ubongo. Hapa nataka mnisaidie, tufanye jaribio dogo.

Nitazameni mimi wote, puani hapa, na msiyahamishe macho hata kidogo. Kijana wetu amesimama hatua kadhaa upande wangu wa kushoto, ameshika karatasi yenye herufi moja kubwa. Bila kumtazama, ni herufi gani? Naam, wengi mnasema R. Sasa anainua karatasi ya pili. Endeleeni kunitazama mimi. Safari hii kuna herufi tatu, niambieni ya katikati. Nasikia K. Nasikia B. Mama pale anasema anaona kitu lakini hakishiki. Sasa geukeni mumtazame. Ni R ile ile, ukubwa ule ule, mahali pale pale. Kilichoongezeka ni majirani wawili, S na H.

Mmejionea wenyewe. Herufi haikupotea na macho yenu hayakufifia ndani ya dakika moja. Kitu kilicho pembeni ya pale tunapotazama, kikibanwa na vingine, ubongo unavichanganya vyote. Mholanzi mwingine, Herman Bouma, aliandika mwaka 1970 kwamba ili herufi iliyo pembeni isomeke, majirani zake wanatakiwa wakae mbali nayo kwa kiasi cha kama nusu ya umbali uliopo kati ya herufi hiyo na pale unapotazama. Kadiri kitu kilivyo pembeni zaidi, ndivyo kinavyohitaji nafasi kubwa zaidi kukizunguka. Kukifanya kikubwa peke yake hakutoshi. Nafasi ndiyo inayookoa. Nitarudi kwenye hilo nikifika kwa wanaoandika mabango.

Hilo linampata kila mtu, hata mtoto wa darasa la tatu, na ndiyo maana nimelifanya na ninyi nyote. Mzee anaanzia hapo, halafu uzee unamwongezea mzigo juu. Ubongo unachambua polepole zaidi. Eneo ambalo mtu analinasa kwa kulitupia jicho mara moja linapungua, hasa likiwa limejaa vitu vinavyovuta macho. Kijana akitazama upande wa mboga anaona nyanya, vitunguu, muuzaji, na mkoba anaotakiwa kuuchukua, vyote kwa mara moja. Mzee anapata sehemu ndogo, anahamisha macho, anapata nyingine, na kila sehemu inadai muda wake. Anafika kwenye mkoba mwishoni, wakati kijana wa kumpeleka amekwisha kukasirika.

Eneo hilo limepimwa kwa miaka mingi na watafiti wa Alabama, Marekani, akina Karlene Ball na Cynthia Owsley. Mwaka 1998 walitoa matokeo ya kufuatilia madereva 294 wenye miaka 55 hadi 87. Wale ambao eneo lao lilikuwa limepungua kwa asilimia 40 au zaidi, uwezekano wao wa kupata ajali ndani ya miaka 3 ulikuwa mara 2.2 ya wenzao. Ukali wa kusoma herufi ubaoni haukuweza kuwatenganisha wa hatari na wasio wa hatari kama kipimo hicho kilivyofanya. Ndugu zangu madereva mliozidi sitini, na ninajua mpo, wengine mmeendesha Fuso kutoka Kibaigwa na mahindi tangu ujana wenu: msijipime kwa kusoma namba ya gari la mbele. Jiulizeni kama bodaboda zinatokea ghafla siku hizi, kana kwamba zimedondoka kutoka juu. Kama jibu ni ndiyo, kuna uwezekano bodaboda haijadondoka kokote. Ilikuwepo pembeni muda wote, katikati ya bajaji na mabango na watembea kwa miguu, na haikunaswa.

Sasa niingie ndani zaidi kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jambo ambalo mimi binafsi nikilifikiria huwa nawaonea wazee huruma na kuwastaajabia kwa pamoja.

Sehemu kubwa ya kazi ya kuona ni kutupa. Kila dakika macho yanaleta vitu vingi kuliko tunavyoweza kutumia, na ubongo unavinyamazisha vingi ili kimoja kisikike. Waliofika Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, wanajua ninachosema. Waliochora pale walichora juu ya michoro ya waliotangulia. Unafika, unaona wekundu tu juu ya mwamba, miguu ya mnyama inapita kwenye kifua cha mtu. Mary Leakey alipokuja kuinakili mwaka 1951, kazi yake ilikuwa kufuata mstari wa umbo moja mpaka mwisho na kuyaacha mengine yote, kisha kuanza umbo la pili. Ubongo wenye nguvu unafanya hivyo wenyewe, bila kuombwa, kila unapofungua macho sokoni.

Ubongo unanyamazisha kwa kutumia, pamoja na mambo mengine, kemikali inayoitwa GABA. Mwaka 2003 kundi la watafiti lililoongozwa na Audie Leventhal lilipima seli za ubongo wa tumbili wazee, kwenye sehemu inayopokea picha kutoka machoni. Kwa tumbili kijana, seli hizo zina uchaguzi. Hii inaitikia mstari uliosimama, ile mstari uliolala, na zisipopata kilicho chao zinakaa kimya. Kwa tumbili mzee, nyingi zilikuwa zinaitikia karibu chochote, na zilikuwa na kelele hata pasipokuwa na kitu. Walipozidondoshea GABA, seli nyingi zilirudi kuchagua kama za ujana. Hilo halijatuletea dawa ya kumpa bibi nyumbani, na mtu akija kuwauzia kidonge cha GABA cha macho, mfukuzeni. Lakini linatueleza kitu: kule ndani kuna utulivu ulioondoka, na si kwamba mzee hajali.

Na sikilizeni hili. Mwaka 2005, Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, Lisa Betts na wenzake waliwaonyesha watu mistari inayosogea, wakawauliza inakwenda upande gani. Mistari ilipokuwa mikubwa na yenye tofauti kali ya weusi na weupe, wazee walihitaji muda mfupi kuliko vijana kutoa jibu sahihi. Wazee waliwashinda vijana! Kwa nini? Kwa sababu ubongo wa kijana unakikandamiza kitu kikubwa kinachojaza uwanja wote na kusogea kwa pamoja, unakichukulia kuwa ni cha nyuma, kisicho na habari. Ubongo wa mzee haukandamizi kiasi hicho. Kwa hiyo umati wote unaosogea pale stendi, vumbi linalopepea, maturubai yanayopigwa na upepo wa Agosti, ambavyo kwa kijana vimekwisha kutupwa nyuma, kwa mzee vyote viko mbele, vinaongea kwa sauti moja na mjukuu anayepunga mkono. Wazee wangu, mnaona kuliko tunavyodhani. Kinachowachosha ni kwamba mnaona hata kisichotakiwa.

Nikisema hivyo sitaki mtu aondoke hapa akadhani kila taabu ya macho ni uzee wa kawaida. Sivyo kabisa. Mtoto wa jicho unaharibu tofauti ya mwanga na giza kiasi kwamba umati unakuwa uji, na upasuaji wake unairudisha. Presha ya macho inakula pembeni taratibu bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Kisukari kinaharibu mishipa ya nyuma ya jicho. Hapa kwetu tuna pia trakoma, ambayo wengine mnaiita vikope. Kongwa ilifanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi, na wapo wazee ambao waliugua wakiwa watoto na leo kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho. Hayo yote ni ya hospitali. Mvumi wapo, Benjamin Mkapa wapo. Mzee akianza kugonga vitu upande mmoja, au akiona mistari iliyonyooka imepinda, msisubiri mavuno yaishe. Na ikiwa kweli anasahau majina ya wanawe, au anapotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe mchana kweupe, hilo ni jambo jingine na lina daktari wake. Ninachokataa ni kumhukumu kuwa amechanganyikiwa kwa sababu tu hakukiona kibiriti kwenye meza iliyojaa.

Sasa twende kwenye yanayowezekana, na mengi hayahitaji fedha.

La kwanza ni namna tunavyoongea na mzee anapotafuta. Nimelisikia mara nyingi sana, kliniki, sokoni, msibani: "Si huyo hapo, bibi! Hapo! Hapo mbele yako!" Na kidole kinanyooshwa. Kidole cha kijana kinamwelekeza nani kwenye watu mia? Bibi anafuata kidole, anakuta watu wanane, anaona aibu, anasema "ee, nimemwona" na wala hajamwona. Nimewaona wakifanya hivyo, wakatabasamu kuelekea mahali ambapo hapana mtu. Badala yake mwambie: "Bibi, mwone yule mama mwenye mwavuli mwekundu. Umempata? Haya, Neema amesimama kulia kwake." Unampa kitu kimoja kikubwa cha kushikia, unangoja akishike, kisha unamsogeza hatua moja. Msiongeze sauti. Kupaza sauti hakumsaidii mtu kuona.

Na kwa nini nimesema mwavuli mwekundu? Kwa sababu kuna uwezo mmoja ambao uzee haujauchukua kwa kiasi kikubwa. Kitu chenye rangi ya peke yake kinajitokeza chenyewe kutoka kwenye wengi, na hilo wazee wanalifanya karibu sawa na vijana. Anayepata taabu ni yule anayetafuta kitu kinachofanana na majirani zake kwa hili na kwa lile: chupa nyeupe yenye kifuniko cha bluu kati ya chupa nyeupe zenye vifuniko vya kijani na chupa za bluu zenye vifuniko vyeupe. Kwa hiyo mpatieni mzee wenu rangi moja isiyo na mwenzake. Funguo zake zifungwe kitambaa cha manjano kinachowaka. Mkimpeleka stendi, anayempokea avae kofia nyekundu. Dawa ya presha ya asubuhi izungushiwe utepe wa rangi ya chungwa, na nyingine yoyote isizungushiwe. Epukeni bluu na kijani kwa kazi hii, nimeshaeleza sababu.

La pili ni la nyumbani. Mkwe mzuri, mwenye bidii, anakuja likizo kutoka Dar, anaona jiko la mama limekaa ovyo, analipanga upya. Vikombe vinahamia kabati jingine, chumvi inaingia kwenye makopo mazuri yanayofanana. Anaondoka na roho safi. Mama anabaki kipofu jikoni kwake. Mzee hategemei macho peke yake, anategemea kujua. Anajua kitu kilipo, macho yanakwenda kuhakikisha tu. Ukihama na mpangilio, umemwondolea nusu ya macho. Kama lazima kupunguza vitu, na mara nyingi ni vizuri kupunguza, punguzeni pamoja naye, na anavyovitumia kila siku vibaki mahali pake. Hata simu yake ni vivyo hivyo. Mwondoleeni vile vialama asivyovigusa, abaki na vitatu vinne vikubwa, vyenye nafasi katikati.

Wafanyabiashara, ninyi nawaomba nafasi. Najua meza ni ndogo na ushuru ni ule ule. Lakini bei iliyoandikwa kwa herufi nene nyeusi kwenye boksi jeupe, peke yake, mzee anaisoma akiwa bado njiani, na mnunuzi aliyekwisha kuisoma anasogea. Kalamu ya bluu kwenye karatasi ya kaki iacheni. Na msitandaze bidhaa hadi kwenye njia, kwa sababu mzee anayetafuta bidhaa macho yake yako juu, na mguu wake uko peke yake huko chini.

Vijana wa bodaboda, ninyi ni wanangu. Zile taa nyeupe kali mlizofunga mbele, usiku zinapomwingia mzee machoni, mwanga unatawanyika na anachobaki nacho ni weupe mtupu. Hakuoni wewe, haoni barabara, haoni mtaro. Msimwashie ili "akuone". Inamisheni taa chini, punguzeni mwendo, mpite mbali naye. Na mchana, akiwa anasubiri kuvuka, msimpite kwa nyuma na mbele kwa pamoja. Kila anachotakiwa kukifuatilia kinamla muda ambao angeutumia kuvuka.

Nyie wazee wenyewe nanyi mna kazi. Mkitoka juani mkaingia ndani, simameni mlangoni, acheni macho yatulie, hata kama nyuma wanasema sogea. Mkitafuta kitu mezani, msizungushe macho hovyo. Anzieni kona moja, mwende mstari kwa mstari, na kidole kikitangulia. Geuzeni kichwa chote, maana cha pembeni kikisongwa hakisomeki, mmeona wenyewe na ile R. Sokoni nendeni asubuhi kabla watu hawajajaa. Na ubongo bado unafundishika. Kule Marekani, kuanzia mwaka 1998, zaidi ya watu 2,800 wenye miaka 65 na kuendelea waliingizwa kwenye utafiti mkubwa wa mazoezi ya akili. Kundi moja lilifundishwa kutambua vitu haraka kwenye kioo cha kompyuta huku vingine vikiwasumbua pembeni. Walipopimwa tena baada ya miaka 10, bado walikuwa mbele ya wasiofundishwa katika kazi hiyo. Kwa hiyo msikubali kuwekwa ndani kwa kisingizio cha macho. Mzee anayekatazwa kwenda sokoni anapoteza soko, na anapoteza mazoezi yake pia.

Namalizia na maofisa wa jiji, kwa sababu ninyi ndio wenye rangi na ngazi. Kuta za ofisi zetu nyingi zimejaa matangazo, jipya limebandikwa juu ya la zamani. Nilikwenda ofisi moja kumsindikiza mzee anayefuatilia mafao yake. Mlango ulikuwa na karatasi kumi na kitu, na namba ya chumba ilikuwa chini yake, imefunikwa nusu. Mzee alisimama mbele ya mlango ule ule aliokuwa anautafuta, akaniuliza uko wapi. Mtu huyu alifundisha shule za msingi za wilaya hii maisha yake yote ya kazi. Wengi wenu humu mmesoma kwa watu kama yeye.

Ninachoomba kwenu ni vitu vitatu, na nimekwisha kumkabidhi mwenyekiti barua yenye maelezo. Ukingo wa kila ngazi, sokoni, stendi na kwenye ofisi zinazopokea wazee, upakwe mstari wa njano, upana wa kiganja. Kwenye kila mlango wa huduma ibaki namba ya chumba na neno moja la huduma, kubwa, jeusi juu ya nyeupe, na matangazo mengine yahamie ubao wake. Pale Nzuguni, mahali pa kuulizia pawe na rangi moja ambayo haitumiki kwingine kokote ndani ya stendi ile, ili mzee akiingia getini aione bila kuuliza mtu. Kazi ya rangi ingefaa ianze sasa, kabla mvua za Desemba hazijaanza, kwa sababu saruji iliyolowa ndiyo inayoficha ngazi kuliko zote.

Wenye miaka 60 na kuendelea ambao hawajapimwa macho mwaka huu, meza yetu iko upande wa kulia mkitoka, ina kitambaa chekundu. Njooni na miwani yenu ya zamani, hata kama imevunjika mkono. Asanteni sana.